Namwagilia Sinema

Vijana niliowaachia funguo za ukumbi mmeniuliza mara nyingi ule mfereji mwembamba unaokatiza sakafu katikati, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, ni wa nini. Mmoja wenu alishikilia kwamba ni wa kupitishia nyaya. Mwingine aliapa kwamba aliyejenga alikusudia bucha, akaghairi. Nikawa nacheka tu, maana nilikuwa kazini, na mtu aliye kazini hana nafasi ya kumaliza hadithi. Sasa nimestaafu, ufagio mnao nyie, na asubuhi sina la kufanya ila kugombana na kuku. Kwa hiyo nitawaeleza. Mfereji ule ulikuwa wa maji ya sinema, na mwenye kuyamwaga maji yale nilikuwa mimi, Sikudhani.

Vyeo na mishahara mtanisamehe, sitavigusa. Cheo changu hakikuwahi kuandikika vizuri, na mshahara wangu haukuwahi kusomeka vizuri. Watu wa Kibiti wakiniuliza enzi zile nafanya kazi gani, nilikuwa najibu, "Namwagilia sinema." Wageni walidhani nina kichaa. Wenyeji waliniuliza kama bamia zipo za kutosha.

Jengo lile lilijengwa na tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa, mimi nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi. Tajiri alitaka kuonesha picha, lakini alilijua soko lake. Mji wa Waislamu, nani angemruhusu mkewe akakae gizani bega kwa bega na waume wa wenzake? Na wanaume peke yao wasingeyajaza mabenchi. Basi akatafuta njia. Badala ya kulitundika shuka la picha mwisho wa ukumbi, akalitundika katikati. Wanaume wakaingilia mlango wa barabarani, wakakaa mbele ya shuka. Wanawake wakaingilia mlango wa uani, wakakaa nyuma yake. Shuka lenyewe lilikuwa bafta nyeupe kutoka dukani kwake, mapande yaliyoshonwa yakawa kitu kimoja, na mwanga wa mashine uliweza kulipenya. Picha moja ikatazamwa pande mbili, na kila upande ulikata tiketi. Tajiri yule hakuwa mjinga.

Baadaye majumba yalipochukuliwa na serikali, yeye akahamia Dar es Salaam, na ukumbi ukaangukia mikononi mwa ushirika. Ushirika ukarithi mashine, jenereta, mabenchi, popo wa darini na shuka. Ukarithi na tatizo la shuka pia, kwamba bafta kavu hula picha. Upande wa wanaume picha inang'aa, upande wa wanawake inafika imechoka, unaona vivuli tu vikikimbizana. Dawa yake ni maji. Bafta ikilowa sawasawa, mwanga unapita na picha inatokea nyuma karibu sawa na mbele. Ndiyo maana ukumbi ule ulikuwa na mmwagiliaji, na chini ya shuka mfereji wa kupokea matone.

Mmwagiliaji niliyemkuta alikuwa Bi Mwanaiba, kungwi mkuu wa mji mzima. Alikuwa mfupi, mnene, mdomo haukosi tambuu, na nusu ya wanawake wa Kibiti walikuwa wamefundwa naye kabla ya kuolewa. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kugoma. Mimi nilikwenda pale kuomba kazi ya kufagia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unajua kumwagilia?"

"Najua, Bi. Kwetu tuna bustani ya mchicha."

"Basi hii ni mchicha vilevile. Ila ukiacha kumwagilia, wanaonyauka ni watu."

Akanipa ndoo na ufagio wa chelewa. Unachovya, unakung'uta kidogo, unapiga shuka kuanzia juu kwenda chini. Usiende kwa ubavu, maji yatafanya michirizi. Lisiwe chepechepe pia, likidondoka matone stelingi, yule shujaa wa picha, anaonekana analia kabla hajafiwa, na watu wanachanganyikiwa. Na maji yenyewe si matupu. Maji matupu hukauka kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Siri ya Bi Mwanaiba ilikuwa bamia. Aliziloweka tangu asubuhi, akachuja ule utelezi, akauchanganya kwenye ndoo, na shuka likashika unyevu muda mrefu. Hasara yake ni kwamba mbuzi wa jirani waliligundua shuka. Mchana ukisahau kufunga mlango wa uani, unakuta mbuzi wawili wamesimama wanalamba sinema.

Bi Mwanaiba hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Ukikosea, alikukanyaga mguu. Siku ile ya kwanza nilikanyagwa kwa ndoo kujaa mno, kwa ufagio kwenda ubavu na kwa kucheka. Halafu akanipa sharti moja kwa mdomo, na akalisema polepole.

"Katika ukumbi huu ni weye peke yako utakayepita pande zote mbili. Utakayoyaona kule, yaache kulekule."

Sikumwelewa, lakini niliitikia. Jioni watu wakajaa, jenereta ikanguruma, picha ya Kihindi ikaanza. Nikamwagilia upande wa wanaume huku nimejitanda ushungi mpaka puani, na nikiwa pale nikamwona stelingi ameketi na mama yake wanakula. Mkono wake wa kulia unatwaa tonge vizuri kabisa. Nikapita pembeni ya shuka kwenda upande wa wanawake. Stelingi ni yuleyule, mama ni yuleyule, tonge ni lilelile, lakini mkono ni wa kushoto!

Na wanawake wote walikuwa wamesimama. "Mkono wa kulia, we mtoto! Wa kulia!" Kina mama wanapiga makofi ya kusikitika, bibi mmoja amefumba macho asione. Nikafungua mdomo niwaeleze. Kabla neno halijatoka, Bi Mwanaiba alikuwa ameshanikanyaga.

Baada ya picha akanivutia uani.

"Umeona?"

"Nimeona, Bi. Kumbe huku tunaona kinyume."

"Ndiyo ufunge huo mdomo. Wanawake hawa wametoka majumbani kwao, wameoga, wamejifukiza udi, wamekata tiketi sawa na waume zao. Uwaambie wanatazama mgongo wa picha? Kesho haji mtu. Mwanamke akijua amewekewa makombo, hata yawe na nazi hayali. Mkono wa kushoto nimeshawaeleza. Kijana hakufundwa kwao, basi."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana Kibiti nzima, upande wa kike. Kwamba stelingi wa Kihindi ni mzuri wa sura, anaimba, anaruka ukuta, anapigana na watu kumi, ila hakufundwa. Anakula kwa kushoto, anasalimia kwa kushoto, hata wazee anawapa vitu kwa kushoto. Mama akimwona mwanawe anashika tonge vibaya alimwambia, "Unataka kuwa stelingi?" Na sijasikia binti hata mmoja wa mji huu aliyemlilia stelingi ndotoni. Wanaume wao walikuwa wanasikia kelele za nyuma ya shuka, wakasema ndivyo wanawake walivyo. Maandishi ya mwanzo wa picha nayo hayakutusumbua. Yalikuwa ya Kihindi, na kwetu yawe sawa au yawe kinyume, yote ni michoro.

Mtu wa tatu katika kazi ile alikuwa Fundi Masanja, mwendesha mashine. Alikuwa Msukuma aliyekuja na mambo ya pamba akanogewa na samaki wa Rufiji, na kwa hiyo alikuwa mtani wetu, hana adabu kwetu wala sisi kwake. Alikaa juu kwenye kijichumba chenye joto la tanuri, kifua wazi, akipokezanisha mikebe ya picha. "Nyie Wandengereko," alikuwa akinipigia kelele kupitia kidirisha, "mmezidi kulima! Hata sinema mnaipalilia!" Nami namjibu ashuke nimwagilie na kichwa chake, huenda nywele zikaota.

Baadaye ushirika ukaniazima bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa ya pamba, nikaachana na ufagio. Bi Mwanaiba alilinusa kwanza, akalirudisha lioshwe. Likaoshwa kwa sabuni, likaoshwa kwa majivu, likaoshwa tena, na kila akilinusa anakunja pua. Aliporidhika lilikuwa linang'aa kuliko masufuria yangu. Nilikuwa nasimama kando ya shuka na bomba mgongoni, na picha ikianza kufifia upande wa nyuma nasikia, "Siku, maji! Stelingi anakauka!" Nakimbia. Mtu anachomwa kisu, mimi napulizia. Wapenzi wanaagana kituoni, mimi napulizia. Nimekatiza mbele ya harusi na mazishi mengi sana ya Kihindi.

Kesi ngumu kuliko zote niliyopata kazini ni ya Bi Pili na mumewe, Bwana Mtoro. Walitoka kutazama picha ambayo stelingi anapigwa risasi ya mkono. Njiani Bwana Mtoro akasema pole zake kwa mkono ule wa kulia. Bi Pili akasema wa kushoto. Mume akasema mke haoni. Mke akasema mume alikuwa amelala, na kwamba si mara ya kwanza kulala penye jambo la maana. Neno hilo likauma. Kufika asubuhi Bi Pili alikuwa amefunga nguo zake kwenye khanga, anakwenda kwao Chumbi. Wazee wakasema jambo dogo hili, aitwe Sikudhani, yeye anapita pande zote.

Nikaitwa barazani. Bwana Mtoro huku, Bi Pili kule, Bi Mwanaiba amekaa karibu yangu na mguu wake karibu na wangu. Nikisema wa kulia, wanawake wote wa mji wanajua siri. Nikisema wa kushoto, nimesema uongo na Bwana Mtoro amefedheheka. Jasho lilinitoka.

Aliyeniokoa ni Fundi Masanja, aliyekuwa amesimama nyuma anakula muhogo wa kuchoma.

"Wazee, kosa ni langu," akasema. "Stelingi alipigwa mikono yote miwili. Ila mkanda ulikatika, nikaruka kipande. Kuna aliyeona risasi ya kwanza, kuna aliyeona ya pili."

"Basi wewe ndiye uliyetaka kuvunja nyumba yangu!" Bwana Mtoro akamrukia.

"Mimi ndiye. Nipigeni tu, mtani hafi."

Wakacheka, khanga ikafunguliwa, Bi Pili akarudi nyumbani. Fundi Masanja alinidai shukrani kwa kesi ile mpaka siku anaondoka Kibiti, na nilimpa kwa njia ya kumtukana kila siku.

Jambo jingine mnalopaswa kulijua ni masika ya pantoni. Mikebe ya picha ilitoka Dar kwa basi, ikaoneshwa kwetu, kisha ikaendelea kusini kwa kuvuka mto pale Ndundu. Daraja halikuwepo bado. Masika fulani pantoni ikaharibika, mto ukajaa, na picha iliyokuwa kwetu ikashindwa kuvuka. Mwenye picha huko Dar akasema hatuletei nyingine mpaka ile iende. Basi tukabaki na picha moja msimu mzima, ile ya stelingi mwenye mama mgonjwa na rafiki msaliti. Abiria waliokwama wakaja kuitazama, wakaikinai, wakaondoka kwa mitumbwi, safari ambayo mwenye picha hakuiamini kwa mikebe yake. Sisi tulikuwa hatuna pa kwenda.

Na mvua ilikuwa inapiga bati. Mnajua bati la ukumbi wetu likipigwa na mvua, hata mwadhini hasikii. Sauti ya picha ikapotea kabisa. Ndipo wanawake wakaanza kuitia sauti wenyewe. Bi Mwanaiba, ambaye sasa alikuwa amestaafu na ana benchi lake la mbele kabisa, alikuwa mama wa stelingi. Bi Pili alikuwa mchumba. Bibi mmoja mwenye sauti nene alikuwa adui, naye alikuwa anatisha kweli. Mwanzo walifuata Kihindi kwa kubahatisha, baadaye wakatia Kiswahili, na mambo yakinoga mama wa stelingi alikuwa anausia kwa Kindengereko. Mvua ikipungua tunasikia upande wa wanaume kimya, wanatusikiliza. Masika yalipokwisha, hakuna mwanamke Kibiti asiyejua picha ile neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi.

Ndipo ikaja enzi ya ruksa. Mtu akaruhusiwa kuuza na kununua. Ikaja mitumba, zikaja redio kubwa za kubeba begani, na kutoka Dar ikaja televisheni na deki ya kuchezea mikanda ya video. Ushirika ulikuwa umechoka, jenereta imechoka, na picha za mikebe zikaadimika. Ukumbi ukauzwa kwa Bwana Shamte.

Bwana Shamte alikuwa mtoto wa hapahapa, aliyepanda basi akiwa na kandambili akarudi na pikipiki, tajiri wa mitumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, ananukia marashi na hakai. Wiki aliyoingia akashusha mashine, akamuaga Fundi Masanja, akaniambia nilifungue shuka nikalitupe. Sikulitupa. Nililikunja nikaliweka stoo, chini ya mabati.

Fundi Masanja alinikuta nalikunja. "Mtani, likaushe vizuri," akaniambia. "Lisioze. Hujui litahitajika lini." Halafu akanipa mkono, na kwa mara ya kwanza hakutukana. Nililia, na yeye akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Televisheni ikawekwa juu ya meza, palepale juu ya mfereji, uso wake umeelekea barabarani walikokaa wanaume. Mabenchi ya uani yote yakahamishiwa mbele. Nusu ile ya nyuma, Bwana Shamte akasema, itakuwa ghala la korosho, na ukuta utasimama katikati. Malori ya matofali yakaja, matofali yakapangwa ndani ya ukumbi, upande ule wa uani.

"Na wanawake, Bwana Shamte?"

"Waje mbele wakae na wenzao. Hizi ni zama mpya, dada Siku."

"Waume zao hawatakubali. Na wao wenyewe hawatakubali."

"Basi wabaki nyumbani."

"Na mimi?"

Akaitazama televisheni, akanitazama mimi. Aliona haya, namshukuru kwa hilo. "Televisheni haimwagiliwi, dada yangu. Ukuta ukisimama tutaagana."

Nilikwenda kwa Bi Mwanaiba nikamweleza yote. Alitafuna tambuu yake mpaka ikaisha. Halafu akaniuliza, "Mlango wa uani nani ana ufunguo?"

"Mimi bado."

"Jioni ufungue."

Jioni nikafungua. Wanawake wakaja kama siku zote, wameoga, wananukia udi, na tiketi wamekata. Mabenchi hakuna, wakaketi juu ya matofali. Mbele yao kisogo cha televisheni, nyaya mbili na vumbi. Bi Mwanaiba akajiweka sawa juu ya tofali lake, akatulia na kukodolea macho kile kisogo kwa heshima zote. Picha ilipokwisha akasema, "Nzuri. Ila giza kidogo."

Kesho yake wakaja tena. Fundi wa ukuta, ambaye mchana alikuwa na kazi nyingine, akafika na kamba yake na mwiko. "Bi, naomba hilo tofali."

"Nikishainuka, mwanangu."

"Utainuka saa ngapi?"

"Picha ikiisha." Na picha ikiisha, fundi naye alikuwa amekwishakwenda kwake.

Siku ya tatu Bwana Shamte akaweka mkanda mpya, aliokuwa anajivunia kwamba umetoka Dar jana yake. Ukaanza wimbo wa kwanza. Uani tukatazamana. Ilikuwa ile picha yetu ya masika, stelingi mwenye mama mgonjwa na rafiki msaliti.

Sidhani kama kuna aliyepanga. Bi Pili ndiye aliyeanza, aliimba na mchumba tangu neno la kwanza. Halafu yule mwenye sauti nene akaingia kama adui. Lakini sasa sauti ya picha ilikuwepo, na wanawake walikuwa wanajua yanayokuja, kwa hiyo kila jambo likasemwa kabla halijatokea.

"Huyo rafiki msimwamini! Ndiye atakayewauza!"

"Mama anaanza kukohoa. Akikohoa mara tatu amekufa. Moja!"

"Usifungue mlango huo, wee!"

Upande wa mbele walikuwa wamejaa vijana ambao masika yale walikuwa wanabebwa mgongoni. Picha ile kwao ilikuwa mpya. Wakaanza kulalamika. "Nyie mama zetu, nyamazeni! Mnatumalizia utamu!" Na kule nyuma, "Mbili!" Mama akakohoa ya tatu, akafa, na hakuna kijana hata mmoja aliyeshtuka. Walikuwa na hasira tupu.

Ikawa hivyo siku zote zilizofuata, maana mikanda aliyokuwa nayo Bwana Shamte ilikuwa picha zetu za zamani zilizogeuzwa mkanda. Hakukuwa na adui aliyefichika wala mtoto aliyepotea ambaye Bi Mwanaiba hakumtaja mapema, pamoja na baba yake. Mwisho vijana wakamwambia Bwana Shamte kwamba achague, ama wanawake wale wanyamaze, ama wao wanakwenda kucheza bao.

Akaja uani, amevua kofia.

"Bi Mwanaiba, shikamoo. Mnaniharibia."

"Marahaba, Shamte mwanangu. Tunakuharibia nini? Sisi hatuoni kitu, tunasikiliza tu. Kusikiliza nako kosa?"

"Mnasema sana."

"Macho yana njaa, mdomo ndio unaofanya kazi. Yashibishe macho uone kama tutasema."

"Basi njooni mbele mkae na wanaume!"

Bi Mwanaiba akamtazama kwa huruma. "Mkeo nimemfunda miye. Nenda kamuulize kama atakuja kukaa na hao vijana gizani. Akikubali, siye wote tunakuja."

Bwana Shamte akaenda nyumbani. Sijui aliambiwa nini huko. Najua tu kwamba asubuhi alinikuta nafagia, akasimama mlangoni, akasema, "Lile shuka, dada Siku. Ulilitupa?"

Hizo kulabu mnazoziona darini zimepangwa kwa urefu, kutoka mlango wa barabarani hadi ukuta wa uani, ndizo za siku ile. Tulilitundika shuka kwa urefu, kavu, likaugawa ukumbi kushoto na kulia. Fundi wa ukuta alichukua matofali ya ukuta akayajengea jukwaa mwisho wa ukumbi, televisheni ikapandishwa juu yake, wote waione. Korosho zikatafutiwa mahali pengine. Mimi nikabaki na kazi, mtunza ukumbi, na ndiyo hiyo niliyoishika mpaka nilipowakabidhi funguo.

Lakini siku ile sikufurahi. Jasho lile la barazani lilinirudia, nikamfuata Bi Mwanaiba nyumbani kwake.

"Bi, leo wataona."

"Wataona nini?"

"Mkono. Miaka yote hii. Watajua walikuwa wanaona kinyume, na wanaume watajua, na watatucheka mpaka tuingie kaburini."

Alikuwa anasokota tambuu. Hakuinua hata kichwa. "Weye umeshatundika shuka. Mkono niachie miye."

Ukumbi ulijaa. Wanaume kulia, wanawake kushoto, shuka katikati, na wote kwa mara ya kwanza tunaitazama picha usoni. Bwana Shamte, kwa furaha yake, akaweka ileile ya masika. Na kweli hakuna aliyesema neno. Macho yalikuwa yanakula. Mimi niliketi kando ya Bi Mwanaiba, pale benchi lake lilipokuwa zamani, katikati ya ukumbi, mikono ikitafuta bomba la kushika.

Ikafika pale. Stelingi akaingia nyumbani, akanawa, akaketi na mama yake. Mama akampakulia. Wanawake wote wakainama mbele, tayari, pumzi wamezivuta kwa ajili ya kumgombeza. Stelingi akanyoosha mkono wa kulia, akatwaa tonge, akala.

Bi Pili akasimama taratibu, akaitazama televisheni, akalitazama shuka ambalo ng'ambo yake alikaa mumewe, akarudi kwenye televisheni. "Jamani," akaanza, "mbona huyu..."

Bi Mwanaiba aliinuka juu ya benchi, mfupi vile, na bega bovu vile, mikono yote miwili juu.

"Alhamdulillahi!" akasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Miaka yote nampigia kelele mtoto huyu. Leo kasikia!"

Vigelegele kama vile havijawahi kupigwa katika jengo lile, hata kwa harusi zenu za siku hizi. Kina mama walikumbatiana. Bi Pili alikuwa analia kwa furaha kama aliyeozesha. Na wanaume ng'ambo ya shuka wakawa wanaulizana kuna nini, mtu si anakula tu.

Bi Mwanaiba akaketi. Hakunitazama. Miguu yetu ilikuwa juu ya ule mfereji, mkavu sasa, na akanikanyaga.